Jedwali la rekodi 4,000 limekula gigabaiti 23: nipige VACUUM FULL?

Dereva wa Data
Wakuu, heshima mbele.

Nasimamia hifadhidata ya kampuni inayofuatilia magari: mabasi, malori ya masafa, na pikipiki kiasi za kusambaza mizigo. Tupo kwenye PostgreSQL 15. Magari ni kama 4,000, na kila moja lina kifaa kinachotuma mahali lilipo kila sekunde 20. Ujumbe ukifika, ndani ya muamala mmoja (transaction: hatua zinazokubaliwa zote pamoja au zisikubaliwe kabisa) tunafanya mambo mawili: tunaongeza rekodi kwenye jedwali la `historia`, na tunabadilisha rekodi ya gari hilo kwenye `mahali_sasa`, ambalo lina rekodi moja tu kwa kila gari. Tarehe 1 ya kila mwezi kuna skripti inafuta historia iliyozidi siku 90.

Diski ni gigabaiti 300 na leo tarehe 24 imefika asilimia 88. Nimepima, `historia` ni gigabaiti 180, `mahali_sasa` ni gigabaiti 23. Zilizobaki ni faharasa (index), WAL (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo PostgreSQL huiandika kwanza) na mfumo wenyewe. Ramani ya wateja nayo imekuwa nzito, inafunguka baada ya karibu nusu dakika.

Mpango wangu: Jumapili saa 8 usiku nianze VACUUM FULL (amri ya kusafisha jedwali na kurudisha nafasi kwenye diski) kwa `historia` maana ndilo jedwali kubwa, kisha nihamie `mahali_sasa`. Aliyewahi kufanya kwa ukubwa huu, inachukua muda gani? Nawasilisha.

Kitunguu Swaumu
Muda gani? Mpaka diski ijae, mkuu. Mimi nakaa pembeni na bisi zangu.

Mchunga Seva
Kitunguu anatania lakini hajakosea. VACUUM FULL hailipunguzi faili pale lilipo. Inaandika jedwali jipya pembeni pamoja na faharasa zake, ikimaliza ndipo inatupa la zamani. Una gigabaiti 36 zilizo wazi na unataka kuandika upya jedwali la 180. Haitafika hata robo. Na muda wote huo jedwali limefungwa kwa kufuli kali kuliko zote, hata SELECT haipiti.

Lakini hilo la nafasi ni dogo. Kubwa ni kwamba unaanza na jedwali lisilo na tatizo kwa sababu tu ni nene. Piga hesabu ya hilo dogo: rekodi 4,000, tuseme kila moja baiti 150 pamoja na kichwa chake. Ukurasa wa PostgreSQL ni kilobaiti 8, kwa hiyo zinaingia kama 54 kwa ukurasa. Jedwali zima linahitaji kurasa 75, yaani kilobaiti 600. Wewe una gigabaiti 23! Huo si unene, huo ni uvimbe.

Tuletee namba za `mahali_sasa` kutoka `pg_stat_user_tables`: `n_live_tup`, `n_dead_tup`, `last_autovacuum`, `autovacuum_count`.

Kroni Mkongwe
Vijana mnapenda kuzungusha mambo. Mimi nina VACUUM FULL kwenye kroni (cron, kipanga kazi cha seva) kila Jumapili, mwaka wa saba huu, hifadhidata haijawahi kunisumbua. Afanye tu, aanze na dogo.

Dereva wa Data
Mzee Kroni shikamoo, nimekusikia. Mkuu Mchunga Seva, namba hizi hapa:

n_live_tup (rekodi hai): 4,012
n_dead_tup (rekodi mfu): zaidi kidogo ya milioni 155
last_autovacuum: dakika 6 zilizopita
autovacuum_count: nikiangalia tena baada ya muda, imepanda

Kinachonichanganya ni hicho cha mwisho. Nilidhani autovacuum, usafishaji wa rekodi mfu unaojiendesha wenyewe, imelala. Kumbe inafanya kazi muda wote na haisafishi chochote. Nilikuwa nafikiria kuiongezea nguvu, kupandisha `autovacuum_max_workers` kutoka 3.

Kitunguu Swaumu
Ni dada huyo, si mkuu.

Mchunga Seva
Mkuu, dada, vyote sawa tu.

Usiongeze wafagizi. Mfagizi wako hana uvivu hata kidogo. Kwa mipangilio ya kawaida jedwali huitisha autovacuum rekodi mfu zikizidi 50 jumlisha asilimia 20 ya rekodi zote. Kwako ni 50 + 800 = 850. Magari 4,000 kila sekunde 20 ni mabadiliko 200 kwa sekunde, 12,000 kwa dakika. Mfagizi anaamka kila dakika, kwa hiyo kila akiamka anakuta zamu yako imefika. Jedwali la namna hii likiwa na afya hucheza kwenye megabaiti mbili tatu, likisafishwa na kujaa, likisafishwa na kujaa.

Sasa nipe mkono tuhesabu. Mabadiliko 200 kwa sekunde ni 17,280,000 kwa siku. PostgreSQL haifuti maandishi ya zamani unapobadilisha rekodi, inaandika toleo jipya na kuliacha la zamani kwa ajili ya yeyote ambaye bado anaweza kulihitaji. Kwa hiyo kila siku yanazaliwa matoleo mafu milioni 17.28. Gawanya milioni 155 kwa hizo.

Ni siku tisa. Kuna mtu au kitu kilichofungua muamala siku tisa zilizopita na mpaka sasa hakijaufunga. Toleo lolote lililokufa baada ya hapo, mfagizi anaruhusiwa kulitazama, haruhusiwi kuligusa. Huwezi kukunja jamvi na mgeni bado amelikalia.

Endesha hii:

```
SELECT pid, usename, client_addr, state, xact_start,
       backend_xid, backend_xmin
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_xid IS NOT NULL OR backend_xmin IS NOT NULL
ORDER BY greatest(age(backend_xid), age(backend_xmin)) DESC;
```

Usipoona kitu, angalia `pg_prepared_xacts`, na safu ya `xmin` kwenye `pg_replication_slots`. Replika (nakala ya hifadhidata kwenye seva nyingine) iliyozimwa bila kufutiwa sloti yake, yaani nafasi iliyowekewa kwenye seva kuu, inaweza kushika vilevile, na hiyo inakujazia WAL juu yake. Kama replika imewashiwa `hot_standby_feedback`, inayoiambia seva kuu kinachosomwa kule, ripoti ndefu inayoendeshwa kule inashika huku.

Pwani254
Niko Mombasa, nafuatilia kwa karibu maana tuna mfumo unaofanana na huo. Swali: mimi nimewahi kuona vipindi vya `idle in transaction` (muamala uko wazi lakini hautumi amri yoyote) vya siku nzima na hakuna kilichovimba. Kwa nini chake kishike na changu kisishike?

Mchunga Seva
Swali zuri, na wengi hulikosea. Kwenye kiwango cha kawaida cha kutenganisha miamala, READ COMMITTED, kila amri inapiga picha yake ya data na kuiachia ikimaliza. Muamala uliosoma tu kisha ukazubaa hauna picha mkononi, `backend_xmin` yake iko tupu. Haushiki usafi, ingawa bado unashika kufuli za majedwali uliyoyasoma. Unaoshika ni ule ulioandika kitu hata kidogo, au wenye kasa (cursor, kisomeo cha matokeo kidogo kidogo) iliyoachwa wazi, au ulio kwenye REPEATABLE READ kwenda juu, maana huo picha yake ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. pg_dump hutumia REPEATABLE READ, kwa hiyo bakapu inayochukua muda wa saa kumi ni saa kumi za kutofagia, kwa hifadhidata nzima.

Dereva wa Data
Nimempata!!

Mtumiaji `ripoti`, `idle in transaction`, muamala umefunguliwa tarehe 15. Anwani ni ya kompyuta ya mhasibu wetu. Programu ya ripoti inafungua muamala wa REPEATABLE READ ili jumla za kurasa zote zilingane, inasoma `historia`, kisha inasubiri mtu abonyeze kitufe cha kufunga. Mhasibu hakubonyeza. Alifunga ofisi akaenda likizo, kompyuta ikabaki inawaka.

Kitunguu Swaumu
Likizo yenye malipo ya gigabaiti 23. Nimemaliza bisi.

Mchunga Seva
Sasa urudi kwenye mpango wako wa Jumapili uone ulikokuwa unaelekea. Muamala wa mhasibu ulisoma `historia`, kwa hiyo umeshika kufuli nyepesi ya kusoma juu yake. VACUUM FULL inataka kufuli kali. Ingesimama kwenye foleni kumsubiri mhasibu arudi likizo, na kila ujumbe wa gari unaotaka kuandika `historia` ungesimama nyuma yake. Magari 4,000 kimya, saa 8 usiku, wewe umelala.

Na hata ungeanza na `mahali_sasa`, usingepata kitu. VACUUM FULL nayo inaheshimu picha ya zamani: matoleo mafu ambayo bado yanaweza kuonwa na mtu, inayabeba kwenda kwenye faili jipya. Ungesoma gigabaiti 23, ukaandika gigabaiti 23, ukafurahi kwa dakika moja.

Mzee Kroni, hapo ndipo tunapotofautiana. Mfumo wako Jumapili unalala, hakuna anayeuamsha, fanya upendavyo. Ila pima ukubwa wa hifadhidata yako Jumatano uone kama haujarudi palepale ulipokuwa Jumamosi.

Kroni Mkongwe
Nitapima nikuletee. Usidhani siogopi kupima.

Dereva wa Data
Nimempigia mhasibu kwanza kwa heshima, akasema hana ripoti anayoisubiri. Nikatumia `pg_terminate_backend`. Baada ya kama dakika kumi `n_dead_tup` imeshuka hadi elfu chache. Furaha!

Lakini faili bado ni gigabaiti 23. Ramani bado nzito. Nilidhani litanywea lenyewe.

Pwani254
Hilo la kunywea ndilo lilinitoa jasho mwaka jana. VACUUM ya kawaida haimrudishii mfumo wa uendeshaji nafasi, inaiandika kwamba iko wazi na jedwali litaitumia tena. Isipokuwa kurasa tupu zilizo mwishoni kabisa mwa faili, hizo inaweza kuzikata.

Mchunga Seva
Ndivyo. Na kwa jedwali hili mwishoni ndipo wanapoishi walio hai! Matoleo mapya yaliandikwa mkiani siku zote tisa. Ungetegemea kwamba sasa rekodi zikibadilishwa zitahamia kurasa za mbele zilizo wazi na mkia ubaki mtupu. Lakini ukibadilisha safu ambazo hazina faharasa, kama longitudo na latitudo, na ukurasa una nafasi, PostgreSQL huweka toleo jipya kwenye ukurasa uleule. Huitwa HOT, na ni jambo jema siku zote isipokuwa leo, kwa sababu rekodi hazitoki mkiani.

Ramani ni nzito kwa sababu inasoma jedwali zima ili kuchora magari yote. Inapitia karibu kurasa milioni tatu tupu kutafuta rekodi 4,000. Hapa ndipo VACUUM FULL ina kazi halali: chanzo kimeondoka, nafasi iliyo wazi ni kubwa mara maelfu kuliko jedwali litakavyowahi kuihitaji, na uvimbe unaumiza mtu. Nikikosa hata kimoja kati ya hivyo, kwa kawaida siandiki jedwali upya.

Haitachukua muda. Itasoma gigabaiti 23 mara moja na kuandika megabaiti moja. Dakika mbili tatu kwa diski ya kawaida. Vifaa vyenu vinatunza ujumbe visipojibiwa?

Dereva wa Data
Ndiyo, vinatunza na kutuma tena.

Mchunga Seva
Basi huhitaji kusubiri Jumapili, tafuta saa yenye watu wachache:

```
ALTER TABLE mahali_sasa SET (fillfactor = 50);
SET lock_timeout = '3s';
VACUUM (FULL, ANALYZE) mahali_sasa;
```

`fillfactor` ya 50 inaacha nusu ya kila ukurasa wazi, ili toleo jipya lipate pa kukaa palepale. Jedwali litakuwa na ukubwa mara mbili, yaani megabaiti 1.2 badala ya 0.6. Nadhani mtamudu. `lock_timeout` ni ili usipoipata kufuli ndani ya sekunde tatu ujiondoe, usijenge foleni nyuma yako. Ukishindwa jaribu tena.

Kama lingekuwa jedwali kubwa lisiloruhusu kufungwa hata dakika moja, ningekuelekeza kwenye pg_repack, zana ya kuandika jedwali upya likiwa linatumika, ambayo hushika kufuli kali kwa vipindi vifupi mwanzoni na mwishoni. Nayo inahitaji nafasi ya nakala nzima. Na kama kilichovimba ni faharasa tu, tangu toleo la 12 kuna REINDEX CONCURRENTLY, huna haja ya kugusa jedwali.

Dereva wa Data
Na `historia`? Bado ni gigabaiti 180 na bosi anaangalia namba hiyo.

Mchunga Seva
Pima kwanza kwa `pgstattuple_approx`, usitumie `pgstattuple` yenyewe kwa sababu inasoma jedwali zima neno kwa neno. Kisha nitabashiri jibu kabla hujaleta: asilimia 6 hivi ndiyo iliyo wazi.

Dereva wa Data
6.1. Umejuaje?

Mchunga Seva
Mnafuta tarehe 1, mnabakiza siku 90. Mwisho wa mwezi zinakuwa siku 120, na faili lilishazoea ukubwa huo wa siku 120. Tarehe 1 robo yake inakuwa wazi, kila siku mnaijaza kidogo, leo tarehe 24 zimebaki kama siku saba kati ya 120. Jedwali hili halijavimba. Linapumua.

Ungefaulu kuliandika upya leo ungepata gigabaiti 11, na wiki ijayo ungezirudisha zote kwa rekodi mpya. Ungefanya tarehe 2, ungepata 45, zote zikarudi kabla ya mwezi kuisha, na katikati ungekuwa umezalisha WAL ya jedwali zima na kuilazimisha replika ipokee. Kama bosi anataka namba ishuke, abadilishe siku 90 ziwe 60. Hilo ni la biashara, VACUUM hailiwezi.

Asilimia ya rekodi mfu peke yake haiamui kitu. Ninachoamini zaidi ni daftari: kila usiku andika `pg_total_relation_size` ya kila jedwali na `n_dead_tup` yake. Ukubwa ukipanda ukashuka kwa mzunguko uleule au ukasimama, liache. Ukipanda bila rekodi hai kuongezeka, tafuta aliyelikalia jamvi kabla hujashika ufagio.

Kwa `historia` kuna mambo mawili hata hivyo. Mwisho wa mwezi lina rekodi kama bilioni mbili, na asilimia 20 yake ni milioni 400. Skripti yako inafuta kama milioni 518 kwa mpigo, kwa hiyo safari hii unapita kizingiti, ila ukifuta kidogo kidogo utasubiri sana. Lipangie lake:

```
ALTER TABLE historia SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);
```

Toleo la 18 limeleta ukomo wa milioni 100 kwa kila jedwali bila wewe kupanga, lakini wewe uko 15. La pili, ligawe kwa mwezi. Mwezi ukipita, DROP kwa kigawanyo kizima, nafasi inarudi kwenye diski papo hapo, hakuna rekodi mfu hata moja.

Na una bahati muamala ule ulifunguliwa tarehe 15. Ungefunguliwa tarehe 28, ufutaji wa tarehe 1 usingeachia hata baiti, na hapo `historia` ingeanza kukua kwa kweli.

Pwani254
Niongeze la kutisha kidogo. Kila muamala wenu wa kuandika unachukua namba yake, milioni 17.28 kwa siku. Nafasi ya namba ni kama bilioni 2.1 kabla hazijazunguka. Mhasibu angechukua likizo ya miezi minne, PostgreSQL ingekataa kutoa namba mpya ili kulinda data. Hapo diski ingekuwa shida ndogo.

Kitunguu Swaumu
Sisi wa MySQL tupite tu au kuna chetu?

Pwani254
Kipo. InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, inaweka matoleo ya zamani kwenye undo, si ndani ya jedwali, kwa hiyo muamala uliosahaulika unavimbisha undo. Angalia `History list length` kwenye SHOW ENGINE INNODB STATUS. Nafasi iliyo wazi ndani ya jedwali iko kwenye `DATA_FREE` ya `information_schema.tables`, na OPTIMIZE TABLE ndiyo inayoandika upya. Ukiiona `DATA_FREE` kubwa kwenye jedwali mnalofuta na kujaza kila mwezi, jibu ni lile la dada hapo juu.

Dereva wa Data
Mrejesho wakuu.

Nimefanya jana saa 10 alfajiri. Jaribio la kwanza lilikosa kufuli, la pili likapita, dakika mbili na ushee. `mahali_sasa` limekuwa megabaiti 1.2, leo jioni liko 2.6 na limetulia. Ramani inafunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Diski imeshuka kutoka 88 hadi 80, na nimemweleza bosi kwamba hizo 80 ni za haki. Ameomba bei ya diski kubwa, na kigawanyo cha mwezi nimekiweka kwenye kazi za robo ijayo.

Nimeongeza na hii:

```
ALTER ROLE ripoti SET idle_in_transaction_session_timeout = '15min';
```

Kroni Mkongwe
Nimepima. Jumamosi gigabaiti 4.4, Jumapili baada ya kroni 3.9, Jumatano 4.4. Nimeitoa. Msinicheke.

Mchunga Seva
Hakuna anayekucheka mzee wangu. Iache autovacuum ifanye yake.

Dereva wa Data
Mhasibu amerudi leo. Swali lake la kwanza: kwa nini ripoti inakatika akienda kunywa chai?